Upele Nyuma ya Migomba

Mimi nilisema upele umetoka Chimala, nikasema mpaka sauti ikanikauka. Binti yangu Tusekile alikwenda huko kupanda mpunga kwa wifi yangu Damari, akarudi anajikuna katikati ya vidole, basi nikawa nimeshapata wa kumlaumu. Kwangu upele ulikuwa ugonjwa wa watu wasiofua. Nyumba yangu, pale nje kidogo ya mji wa Mbeya, ilifagiliwa mara mbili kwa siku.

Kilichoninyima raha hasa ni shule. Tusekile alikuwa amepata nafasi katika shule ya kati ya wasichana kule Iringa, kuanzia Januari 1956, msichana peke yake kutoka kanisa letu. Barua ilisema wazi: mwenye upele hapokelewi mpaka apone, na asiyepokelewa kabla ya Februari nafasi yake anapewa mwingine.

Liberatus, dresa wa zahanati, Mhehe wa Kihesa, alikataa kunipa kopo la dawa.

"Mkipewa mnapaka panapowasha tu," alisema. "Mdudu huyu anachimba ndani ya ngozi. Anahama watu wakishikana na kulala pamoja, hajali nani kaoga. Nitakuja nyumbani nimgawie kila mtu kiganjani mwake, mjipake wote siku moja, toka shingoni mpaka nyayo. Hata asiyejikuna."

Alikuja kweli. Lakini uani alikuwa ameketi baba mkwe wangu, aliyehamia kwetu macho yake yalipoanza kufifia. Kwetu Wanyakyusa mke hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamtaji jina, akimsikia anakuja anapinda njia. Miaka kumi na minne nilikuwa nimemkimbia mzee yule, na kwenda kanisani hakukubadili kitu. Kwa hiyo wenzangu walipojipanga na viganja vyao, mimi nilikuwa nyuma ya migomba.

"Wamekwisha?" Liberatus akauliza.

"Wamekwisha," akajibu Yotamu, mume wangu. Angeniitaje mbele ya baba yake?

Ningeweza kumtuma mtoto aniletee dawa. Sikumtuma. Kifundoni mwa mkono wangu palikuwa na vipele viwili vitatu, nami niliona aibu kuvikiri, nikajiambia ni mafuta ya jikoni yamenirukia. Nyumba ikanuka salfa ya dawa ile siku tatu. Tulichemsha nguo, tukaanika mablanketi, na Tusekile akatulia. Siku za mwisho nilimlaza kitandani kwangu, kwa kuwa anaondoka, nikamshika mikono mpaka usingizi umpate.

Tulifika Iringa kwa basi, tumejaa vumbi. Langoni mwa shule nesi Apolonia alimtanua Tusekile vidole, kimoja kimoja.

"Hivi ni vipele vipya," alisema. "Nani nyumbani hakujipaka dawa?"

"Wote walijipaka!" Nilipandisha sauti, mkono wangu ukipunga hewani. Apolonia akaudaka mkono ule, akaugeuza, akautazama kifundoni. Tusekile naye akautazama. Halafu akanitazama mimi, na natamani hata leo asingenitazama vile.

"Zimebaki wiki tatu," Apolonia akasema. "Rudini, mama."

Njiani nilijikuna bila kujificha. Tulipopita Chimala nilitazama upande mwingine, maana Damari nilikuwa nimemtukana mno.

Liberatus akaja tena. Mzee alikuwa uani kwenye kigoda chake, na mimi nilikuwa nyuma ya migomba, nakwenda na kurudi, nakuna kifundo mpaka kikatoa damu. Nilimsikia Yotamu akivuta pumzi aseme tena kwamba wamekwisha. Nikajifunika khanga kichwani, nikainama, nikatoka.

 Niliona miguu ya mzee tu, yenye nyufa, na kwenye nyufa zile mabaki ya salfa ya mara ya kwanza. Niliogopa kama mwizi. Nikanyoosha kiganja.

Kigoda kikakwaruza chini. Mzee alikuwa amegeukia ukuta.

"Dresa," alisema, "anza na mke wa mwanangu."

Nilikwenda kulia ndani, huku najipaka.

Mara ya pili tulipokwenda Iringa, Tusekile aliweka sanduku lake kati yetu kwenye kiti cha basi. Nilidhani hakuna nafasi juu. Langoni Apolonia alimkagua vidole, viwiko, akampeleka ndani akamkagua kiuno, akatoka naye.

"Pita, binti," alisema.

Nikafungua mikono nimkumbatie. Tusekile akarudi nyuma hatua moja, mikono yake ameificha mgongoni.

"Mama, nisamehe. Usinishike."

"Nimepona, mwanangu. Wote tumepona."

"Najua, mama."

Akapiga magoti pale pale alipokuwa, mbali nami, akaniaga kwa heshima zote, akainuka na sanduku lake akaingia. Mimi nikarudi Mbeya peke yangu, mikono nimeifumbata mapajani njia nzima. Haikuniwasha hata kidogo.