Upande wa Kushoto wa Meza

Fundo lilifunguka lenyewe. Daktari alivuta uzi uliofungwa kwenye kitasa cha dirisha la jikoni, akafunga tena kwa mkono mmoja, kama alivyojizoeza kila asubuhi tangu ujana wake. Likafunguka tena.

"Uzi mbovu huu," alisema.

"Uzi ni ule ule, mzee wangu," mkewe alijibu huku akimimina chai. "Vidole ndivyo vimekufa ganzi. Mimi si kipofu."

Wiki iliyopita fundo kama lile lilimteleza ndani ya tumbo la mgonjwa, damu ikajaa kabla hajaukamata mshipa upya. Sista, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, aliona yote. Alimpa uzi mwingine akanyamaza. Daktari aliushukuru ukimya ule, kisha akauonea haya.

Hospitalini walimwita Cherehani. Alipasua na kushona chochote kilicholetwa: ngiri, kidole tumbo, nyongo, majipu yaliyoiva. Cheo kikubwa hakuwahi kupata, lakini watu walimsimamisha njiani wakamfunulia makovu yao bila soni, kana kwamba wanamwonyesha picha ya mtoto.

Asubuhi hiyo alikuta mama mmoja ameletwa na tumbo limevimba kama ngoma. Daktari kijana, binti aliyekuwa mwanafunzi wake tangu hajui kushika mkasi, alikuwa ameshampima.

"Utumbo umejisokota, mwalimu. Tukikawia utaoza."

Mume wa mgonjwa, fundi viatu, alikuwa mlangoni. Alipomwona daktari akafungua vifungo vya shati na kuonyesha kovu refu.

"Hili ni lako, daktari. Na yeye utampasua wewe, sivyo? Nikijua ni mkono ule ule, roho yangu itatulia."

"Ndiyo" ilikuwa imeshafika ncha ya ulimi. Ingemtoka bila shida, na yule mtu angekaa chini kwa amani.

"Mkono ule ule umechoka, ndugu yangu," alisema. "Atampasua huyu binti. Mimi nitasimama naye."

"Mke wangu ndiye wa kujifunzia?" Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Angekuwa mke wangu mimi, ningemkabidhi huyu huyu." Ilimuuma kuyasema hayo, kwa sababu yalikuwa kweli.

Mama alipolala usingizi wa dawa, miguu ya daktari ilikwenda yenyewe upande wa kulia wa meza, mahali pa mpasuaji. Binti akampisha haraka. Daktari alisimama pale kidogo, akiitazama taa. Halafu akazunguka miguuni pa mgonjwa, polepole, hadi upande wa kushoto, mahali pa msaidizi.

Sista alikuwa amekwisha kunyoosha kisu kumwelekea yeye. Akakirudisha, akakiweka kwenye kiganja cha binti.

Daktari alishika vyuma vya kutanulia jeraha. Utumbo ulitokeza mweusi kama ini, na binti akaukamata haraka.

"Taratibu," alimwambia. "Usokotoe, urudi ulivyokuwa. Haya, sasa ufunike kwa kitambaa cha maji moto, uupe nafasi."

Wakasubiri. Binti alipofunua kitambaa, weusi ulikuwa umeanza kurudi nyuma, na wekundu hafifu unaingia.

"Unarudi, mwalimu!"

Mshipa mdogo ulikuwa ukivuja pembeni. Binti akaufunga. Daktari alitamani kulijaribu fundo lile, alivute kidogo tu, lakini alilitazama kwa macho na kuona limeshika.

"Kata," binti alisema, kisha akashtuka kwa kumwamuru mwalimu wake. Neno lile siku zote lilikuwa la daktari.

Sista akampa daktari mkasi. Akakata.

Baadaye alimpeleka binti kwa fundi viatu. Mume yule aliambiwa mkewe yu hai. Aliishika mikono ya binti, yote miwili, akailaza kwenye paji la uso wake. Daktari alisimama nyuma yao mpaka alipoona hakuna anayemhitaji, akaenda nyumbani.

Jioni mkewe alimkuta jikoni, amekaa karibu na dirisha.

"Nani kapasua leo?"

"Binti."

Mkewe akamwekea chai pembeni. Daktari alikuwa na mkasi wa jikoni mkononi. Alikuwa ameufungua, uzi wa kitasani ukiwa katikati ya makali, na chai ilipoa akiwa bado ameushika vivyo hivyo.