Karatasi ya Majina

Wanaosema sisi watu wa kule Ntobeye tulikaa kimya wakati ule, waje kwangu niwaambie. Hatukukaa kimya. Tuliandika.

Mwaka sabini na nne walitutoa bondeni, kwenye migomba yetu na kijito chetu, wakatupandisha mgongoni mwa kilima kwa sababu barabara ilipita hapo na wakubwa walitaka kutuona bila kushuka kwenye gari. Nyumba za zamani waliziezua ili tusirudi. Miaka minne wanawake walishuka na madebe na kupanda nayo yamejaa, wakipita katikati ya migomba yao wenyewe iliyomezwa na magugu. Bonifasia mimba yake ilitoka kwenye mteremko ule. Ukijenga hata kibanda bondeni, unalala mahabusu. Ukitaka kwenda Nyamiaga tu, mpaka balozi wa nyumba kumi akupe barua.

Mimi nilifundisha kisomo cha watu wazima katika ghala la kahawa. Shule nilisoma mpaka darasa la nne. Mengine nilijifundisha kwa magazeti yaliyofungiwa chumvi. Mguu wangu wa kushoto umekauka tangu utotoni, kwa hiyo jembe halikunipenda na mimi sikulipenda. Mwanafunzi wangu hodari alikuwa Zita, mke wa rafiki yangu Audax.

Siku moja ya mwezi wa tisa, mwaka sabini na nane, Zita akaniuliza mbele ya darasa zima:

"Shemeji, hizi herufi zina kazi gani nyingine, zaidi ya kusoma habari za mbolea?"

"Zinaandika barua."

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote. Hata wilayani."

"Basi tuandike turudi bondeni."

Wakacheka. Melania, ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika, akasema, "Na debe langu limetoboka, liandike nalo."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeisoma sheria ya vijiji mpaka kurasa zikalegea. Nikawaeleza kwamba kijiji kina mkutano mkuu, na kila mtu mzima ni mjumbe wake, mwanamke kwa mwanamume. Tuombe mkutano. Tunyooshe mikono, tuhesabiwe, tuamue wenyewe pa kuishi. Nikaandika ombi hilo kwa mkono wangu, likajaza ukurasa.

Yakabaki majina. Wino wa dole gumba ulikuwapo, lakini nani angekubali? Dole gumba lilikuwa alama ya mjinga, na hawa walikuwa wamejikomboa. Kila mmoja akataka kuandika mwenyewe, jina na namba ya balozi wake, kama nilivyowazoesha kwenye daftari la mahudhurio. Mtu aliyeanza kuandika juzi anaandika herufi kubwa kama vifaranga. Ukurasa wa kwanza haukuwa na nafasi, nikachana karatasi nyingine kubwa. Majina arobaini na moja yakakaa peke yake.

Audax alikuja kumwita mkewe, akatukuta.

"Weka dole, shemeji," Koleta akamtania.

"Mimi? Nani kakwambia mimi mjinga?"

"Basi ngoja nikuandike," Zita akasema. Akamwandika, ulimi umebanwa kwenye meno, halafu chini yake akajiandika mwenyewe.

Audax aliinamia karatasi muda mrefu. "Huyo ndiye mimi?"

"Ndiye wewe."

Barua ya wilayani ilipaswa kupitia kwa katibu wa tawi la chama. Huo ndio utaratibu, nikawaambia, na nilijivuna kuujua.

"Yaani tumpe mwizi atupelekee mashtaka?" Melania akauliza.

"Ndiyo utaratibu."

Akatema mate. Mimi nikaipeleka. Katibu Xavery alizipokea karatasi mbili kwa mikono miwili, akasifu mwandiko.

Mwezi wa kumi ukapita bila jibu. Mwishoni mwake majeshi ya nduli yakavuka mpaka kule kaskazini, na mwezi uliofuata lori likasimama kijijini. Filimbi ikapigwa, tukakusanyika. Xavery alikuwa na shati lake la kijani. Kando yake alisimama ofisa wa mgambo kutoka wilayani.

"Afande," Xavery akasema, "vijiji vingine mmevibembeleza. Sisi tumetangulia. Watu wetu wamejitolea, kwa mikono yao wenyewe!"

Akainua karatasi. Niliitambua kwa mbali kwa ukubwa wa herufi.

Akasoma wanaume, akiruka wanawake. Jina langu pia aliliruka. Nchi haina haja na mguu mkavu. Kila aliyesomwa mgambo walimshika bega na kumsogeza kwenye lori. Niragira. Audax. Ishirini na wawili.

Zita akasimama.

"Ndugu Katibu, shikamoo."

"Marahaba."

"Chini ya jina la Audax kuna jina gani?"

Xavery akacheka. "Afande, mama huyu naye anataka bunduki."

"Lisome. Na karatasi ya kwanza iko wapi?"

Melania akasimama. Koleta. Bonifasia. Wakasimama wote kumi na wanane walioandika.

"Karatasi gani ya kwanza?" ofisa akauliza.

Macho yakanigeukia. "Ilikuwa barua, afande," nikasema. "Tuliomba mkutano."

"Mweleze vizuri, Ndugu Ildefonce," Xavery akasema kwa upole. "Mkutano wa kufanya nini? Wa kukihama kijiji cha ujamaa, adui yuko ndani ya nchi?"

Ofisa akatutazama mmoja mmoja. "Nani hapa hataki kuilinda nchi yake? Ajitaje."

Nani angejitaja? Ukikubali, lori. Ukikataa, msaliti, na wasaliti walikuwa na lori lao.

"Kaa chini, mama Adelfina," Audax akamwambia mkewe. "Wameshanisoma." Akapanda.

Zita hakukaa.

Ofisa akaigeuza karatasi. "Orodha haina kichwa cha habari. Nani ana mwandiko?"

"Mwalimu wao huyu hapa," Xavery akasema.

Nikapewa kalamu. Nilitaka kusema sitaandika, na nimelisema neno hilo mara elfu tangu siku ile, peke yangu. Mgambo alikuwa nyuma yangu, na Audax alikuwa ananitazama kutoka juu ya lori. Nikaandika.

Zita akasogea mpaka begani kwangu. Akaweka kidole chini ya neno, akalisoma kwa sauti, silabi moja moja, kama nilivyomfundisha.

"Wa-li-o-ji-to-le-a."

Akainua kidole. Lori likawashwa, na wanawake kumi na wanane walikuwa bado wamesimama.