Kidude Chini ya Usukani wa Baba

Kaka yetu mkubwa tunamwita Meneja, na si kwa sababu anasimamia jambo lolote la maana. Ana watu wanne chini yake kwenye ofisi ya bima, na mmoja wao ndiye anayemchemshia chai. Lakini tangu apewe kiti kinachozunguka, hazungumzi tena na watu, anatoa taarifa.

Baba alipokwaruza gari kwenye nguzo ya geti lake mwenyewe, mkwaruzo wa urefu wa kidole, Meneja aliuona Jumapili alipokuja kula. Akaupiga picha pande zote kama maiti aliyeokotwa. Jioni picha zikatua kwenye kundi la familia, na chini yake maneno: "Jamani, tusisubiri msiba."

Dada akajibu kwa nyuso tano zinazolia. Dada ni mtu wa hivyo. Ukimwambia moto unawaka atalia kwanza, halafu atauliza unawaka wapi.

Baba alikuwa na miaka sabini na sita. Alikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na nne, na nusu ya mitaa ya mji wetu aliitoa vichakani yeye kwa kamba na vigingi. Watu wa rika lake walimwita Mzee Futi. Mama alipofariki, kilichobaki kumtoa nyumbani kilikuwa gari lake dogo jeupe. Kila asubuhi alifungua boneti, akaangalia maji na oili, akafuta kioo kwa fulana kuukuu, hata kama safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kununua nyanya.

Sasa binti wa Meneja alikuwa ameajiriwa upande wa pili wa mji na alikuwa hana usafiri. Hilo halikuandikwa kwenye kundi, lakini sote tulilijua. Tamaa ilikuwa pale pale, ila imevishwa kanzu ya usalama.

"Hatumnyang'anyi," Meneja alisema tulipokutana kwake. "Tunakusanya ushahidi tu. Ushahidi ukisema, nani atabisha?"

Akatoa kidude cheusi, kikubwa kidogo kuliko kiberiti. Alieleza kwa fahari, utadhani amekibuni yeye. Kinachomekwa kwenye ile soketi ya chini ya usukani, ambapo mafundi huchomeka kompyuta zao za kupimia gari. Kinajilisha umeme wa gari lenyewe. Kutoka hapo simu zetu zingeonyesha gari liko wapi, linakimbia kiasi gani, limefunga breki kwa ghafla mara ngapi, na njia yote liliyopita ikiwa imechorwa kwa mstari mwekundu kwenye ramani.

"Nani atakichomeka?" Dada aliuliza.

Wakanigeukia. Mimi ndiye kitindamimba, nakaa jirani na Baba, na sijaolewa, jambo ambalo katika familia yetu lina maana kwamba muda wangu ni wa kila mtu. Ningeweza kukataa. Sikukataa. Siku iliyofuata nilimwomba Baba funguo, nikamwambia hereni yangu imeanguka garini, nikainama chini ya usukani wake na kukisukuma kidude hadi kikalia "ta". Taa ndogo ya kijani ikawaka. Baba alikuwa amesimama barazani na kikombe cha chai.

"Umeipata?"

"Nimeipata, Baba."

Nilikuwa nimevaa hereni zote mbili.

Basi tukaanza kumchunga mzee wetu kama kuku wa kisasa. Kwa wiki tatu ushahidi ulisema, na ulichosema hakikumfurahisha Meneja hata kidogo. Baba hakuwahi kupita mwendo wa hamsini. Breki za ghafla: moja, na siku hiyo mbuzi alikatiza. Programu ile hutoa alama kila Jumapili. Baba alipata tisini na sita, tisini na saba, tisini na sita. Nikamshauri Meneja achomeke kingine kwenye gari lake tulinganishe.

Mtu akikosa dosari barabarani huitafuta kwenye maegesho. Wiki ya nne Meneja aligundua kwamba kila Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, gari lilisimama kwenye mtaa mmoja nyuma ya soko la mbao, likakaa saa mbili na zaidi. Akaukuza ule mtaa mpaka paa la nyumba likaonekana.

"Ana mwanamke," akaandika.

Dada akaleta nyuso zake. Kisha, bila kumwambia mtu, akajifunga kilemba na kwenda mwenyewe.

Aliyoyakuta huko alinisimulia baadaye kwa vipande, na kila kipande nilikivuta kwa nguvu. Alibisha kwenye geti la bluu akijifanya anatafuta chumba cha kupanga. Akafunguliwa na mwanamke wa makamo, mikono imejaa povu la kufulia. Dada akasahau habari za chumba.

"Wewe ni nani kwa baba yangu?"

"Baba yako ndiye nani?"

"Usijifanye. Gari jeupe. Jumanne na Ijumaa."

Yule mama akamtazama toka kilemba hadi viatu. "Ingia," akamwambia, "uone mwenyewe ninavyomfanya."

Ndani, kwenye kiti cha magurudumu kando ya dirisha, alikaa mzee aliyekatwa mguu kwa kisukari, na mbele yake meza ya drafti yenye vizibo vya soda. Alikuwa Mnyororo, msaidizi wa Baba tangu siku za ujana wao, aliyeitwa hivyo kwa sababu ndiye aliyekuwa akiburura mnyororo wa kupimia kwenye miiba wakati Baba akiandika namba. Tukiwa wadogo alikuwa akitubeba mabegani. Dada hakumtambua hadi alipoitwa na mzee kwa jina lake la utotoni. Yule mwenye povu alikuwa binti yake. Baba alikuwa akienda kucheza drafti, na siku za kliniki alimpakia rafiki yake garini na kumpeleka.

Ungedhani Dada angeomba radhi. Alisema, "Tulikuwa tunaangalia usalama wake tu," akaondoka mbio. Meneja alipopata habari akaandika kwenye kundi: "Vizuri. Kumbe pia anabeba wagonjwa. Je, bima inaruhusu?"

Niliisoma sentensi hiyo mara mbili, nikajiuliza sisi wawili tulinyonya ziwa moja kweli?

Ijumaa hiyo Baba alikwenda nyuma ya soko la mbao kama kawaida. Akarudi mapema. Jumatatu iliyofuata, saa tatu asubuhi, nikiwa kazini kwenye mapokezi ya kliniki ya meno, simu yangu ilianza kutetemeka juu ya daftari la miadi.

Kifaa kimechomolewa. Kifaa kimechomekwa. Baada ya dakika kumi, tena: kimechomolewa, kimechomekwa.

Nikafungua ramani. Gari lilikuwa kwenye mitaa ya mashariki, ile iliyonyooka kama mistari ya daftari la hesabu, ambayo Baba aliipima mwenyewe kabla sijazaliwa. Lilikuwa likipanda mtaa, likishuka, likigeuza, likirudi lilikotoka.

Kundi la familia likalipuka.

"Anazunguka palepale!" Meneja aliandika. Alikuwa kikaoni, na alitaka tujue kwamba yuko kikaoni. "Amepotea! Akili imeanza kuondoka. NILISEMA."

"Mungu wangu, mpigieni!" Dada aliandika.

"Hapokei," Meneja akajibu.

Bila shaka hakupokea. Baba hajawahi kupokea simu akiwa anaendesha. Hilo nalo lingefaa kuwa kwenye ushahidi.

"Wewe mdogo, toka kazini mara moja ukamzuie," Meneja aliniamuru. "Mimi niko kikaoni."

Nikasimama kuchukua mkoba, maana kusema kweli hata mimi nilianza kuingiwa na hofu. Mbele ya kaunta alikuwepo mzee mmoja shavu limevimba kama andazi, anasubiri kung'olewa jino. Simu yangu ilikuwa wazi mezani, imemwelekea yeye.

"Samahani, binti," akasema kwa tabu. "Mtoto wako anajifunza kuandika?"

"Mtoto gani?"

Akaweka kidole kwenye kioo. "Si ameandika hapa? K... O... M... E."

Nikaigeuza simu. Kwa kweli. K aliipata kwa kutumia ile barabara ya mshazari inayofuata mtaro mkuu. O ilikuwa mraba kamili, kuzunguka shule. M ilikaa kama kitana cha meno matatu. Kila alipomaliza herufi alichomoa kidude, akasogea, akakichomeka tena mahali pa kuanzia. Na mbele ya macho yangu na ya yule mgonjwa, mstari mwekundu ukaanza kupanda taratibu, ukakata kulia, ukashuka, ukakaa kama geti lisilo na mlango.

"N," mgonjwa akasema.

Kisha mstari mmoja mrefu kwenye barabara ya hospitali, toka juu hadi chini, bila kusimama popote. KOMENI. Mitaa ishirini na mbili, mwendo wa wastani thelathini na moja, breki za ghafla sifuri.

Nilicheka hadi daktari akatoka na koleo mkononi kuuliza kuna nini. Yule mzee naye alicheka akishika shavu, akilia kwa maumivu na kuomba nisimchekeshe.

Nikaipiga picha ile ramani na kuituma kwenye kundi bila neno lolote. Meneja akajibu: "Inaweza kuwa sadfa."

Sadfa! Hapo ndipo nilipoacha kumwonea haya kaka yangu. Mtu anayeweza kusoma karipio lililoandikwa kwa ajili yake kwenye mitaa ishirini na mbili, akaliita sadfa, huyo hata umwonyeshe kioo atauliza ni nani huyo.

Jumamosi Baba akatuita, saa tisa alasiri. Tulimkuta sebuleni amenyoa ndevu, amevaa shati la mikono mirefu. Kidude kilikuwa mezani, ndani ya kisosi. Hakutukaribisha chai.

"Nilikiona siku ile ile," alisema. "Nimeishi na vyombo vya kupimia maisha yangu yote, taa mpya ichomoze chini ya goti langu nisiione? Nikanyamaza. Nikasema, acha niwaone wanangu wanatafuta nini."

"Baba, ilikuwa ni kwa usalama wako," Meneja alianza.

"Usalama wangu una geti la bluu?"

Meneja akakohoa.

"Nilipima viwanja miaka thelathini na nne," Baba aliendelea, wala hakupandisha sauti. "Nilipima mashamba ya watu wakali. Moja lilikuwa la kichaa, anatembea na panga mchana kutwa. Hata kwake niliingia kwa hodi. Hakuna mtu niliyempima bila kumpigia hodi. Ninyi mmempima baba yenu kwa kumvizia, na mlipoona vipimo vimekaa sawa, mkaenda kumsumbua mlemavu nyumbani kwake."

"Kama umekasirika ungesema tu," Dada alisema akilia.

"Nimesema. Nimetumia petroli kusema. Na kakenu bado hakuelewa."

Meneja akainuka, akanyoosha tai. "Mimi nadhani tusichukulie mambo kihisia. Kuna suala la umri, na kuna suala la gari lenyewe, kwa mfano mjukuu wako..."

"Haya, limetoka!" Baba akapiga goti lake. "Nilikuwa nasubiri litoke. Limechukua wiki tano. Angekuja mwenyewe akasema, Babu, niazime gari, ningemwazima siku hiyo hiyo. Sasa mwambie kwamba baba yake amemkosesha."

Akamsukumia kile kisosi. Meneja alikichukua kidude na kukitia mfukoni. Nina hakika kesho yake alikirudisha dukani na risiti kudai pesa yake.

Nilidhani mimi nimepona. Wenzangu walipotoka nilibaki nikikusanya ujasiri, nikasema, "Baba, mimi kwa kweli sikutaka..."

"Wale wawili ni wajinga," alinikatiza. "Mjinga namsamehe, hana la kufanya. Wewe una akili, na ndiye uliyeinama chini ya usukani wangu. Nenda nyumbani."

Nikaenda. Kwa miezi miwili alinijibu salamu tu. Nilimpelekea Mnyororo drafti mpya ya mbao, na binti yake akaipokea getini bila kunikaribisha ndani. Sikumlaumu.

Baba aliendesha mwaka mmoja na miezi mitatu zaidi, bila mkwaruzo. Kisha asubuhi moja ya Jumanne akanipigia simu.

"Uko kazini?"

"Leo niko mapumzikoni."

"Njoo unipeleke kwa Mnyororo. Nilikwenda kupimwa macho jana. La kushoto limenikataa."

Nilipofika alikuwa ameshakaa kiti cha abiria, mkanda amefunga, funguo ameziweka kwenye kiti cha dereva. Sikusema pole, maana ningefukuzwa. Nikawasha gari, nikatoka getini polepole mno, nikiiangalia ile nguzo.

"Una nafasi ya futi mbili upande wangu," akasema, akitazama mbele. "Twende, mwanangu. Mtu mwenyewe ananisubiri."