Anselmo Atarudi Lini?

Watu wa mtaa wa Kimanga walimjua Bonaventure Hatungimana kwa jambo moja: ukiandika jina vibaya mbele yake, umekwisha. Miaka thelathini na miwili alikuwa karani wa kuandikisha vizazi na vifo hapa Uvira, na hata baada ya kupumzishwa kazi mkono ulikuwa bado unamuwasha. Akipewa kadi ya harusi, anaisoma na kalamu. Akienda msibani, anasahihisha msalaba. Mke wake Concilie alikuwa akimvuta koti kwa nyuma: "Baba Josée, weye! Acha muntu azikwe kwanza."

Sasa hakuna wa kumvuta koti. Concilie alifariki mwezi wa pili, kwa ugonjwa wa ini, na huu ulikuwa mwezi wa tisa. Nyumba ilibaki na vyumba vitatu na mtu mmoja. Asubuhi anachemsha chai ya vikombe viwili kwa mazoea, halafu anakunywa vyote viwili kwa ubishi, kama vile kuna mtu alimwambia asinywe.

Binti yao wa pekee, Josée, anaishi Lubumbashi. Alimtumia baba yake, kwa mkono wa mama mmoja wa biashara, kisanduku cheusi kisichozidi kipande cha sabuni. Upande mmoja unakiunganisha na televisheni, upande mwingine na disiki yenye seri zako, yaani tamthilia za televisheni, nacho kinazipanga zote kwenye skrini, sezoni kwa sezoni, kila episodi na picha yake. Sharti lake ni moja tu: kila faili liwe na jina la kueleweka. Jina la seri, halafu S na namba ya sezoni, halafu E na namba ya episodi. Ukikosea, kisanduku hakikujui.

"Ivi hautakaa peke yako sana, Papa," Josée alimwambia kwenye simu.

"Aksanti, mwanangu," Bonaventure akajibu. Angesema nini? Kisanduku hakiwezi kuuliza kama umekula.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana akapanda kwenye kiti, akashusha sufuria iliyokuwa juu ya kabati, akafungua kifuniko, akatoa disiki. Usicheke. Tangu mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia mpaka uani, Concilie aliapa kwamba kitu cha maana hakitawekwa chini tena katika nyumba hii, na disiki ikapata sufuria yake yenyewe, ile nzuri ya harusi.

Ndani ya disiki kulikuwa na seri moja tu, "Nyumba ya Graciela", sezoni sita, episodi ishirini kila sezoni. Waliinunua kwa Clovis wa soko la Mulongwe. Na majina ya mafaili, Mungu wangu! Majina yalikuwa ya Concilie. Kila walipomaliza episodi, alivuta ordinateri, kompyuta yao ndogo, mapajani, akaandika kwa kidole kimoja, kwa herufi kubwa tupu kwa sababu hakujua namna ya kuzima zile herufi kubwa. Alisema anaweka alama, kwa maana umeme, kuran kama alivyouita, ulikuwa unaondoka unapotaka na kesho yake hakuna aliyekumbuka walifika wapi. Lakini alama gani hizi? HAPA KURAN ILIENDA. MAMA MUKWE MUBAYA SANA. BABA JOSEE ALISINZIA. TULIKULA NDAGALA HATUKUSIKIA VIZURI. Mengine mawili yaliitwa MUBAYA TENA na MUBAYA TENA TENA.

"Iyi si majina," Bonaventure alikuwa akimwambia. "Muntu mwingine akisoma ataelewa nini?"

"Ni nani iko asome? Ni weye na minye," Concilie alikuwa akijibu.

Josée alimwambia baba yake kuna programu inayobadilisha majina yote kwa mara moja, dakika mbili tu. Anaweza kuituma sasa hivi.

"Hapana," akasema Bonaventure. "Mule ofisini jina la zamani halifutwi kabla halijaandikwa kando."

"Papa, ni mia moja na makumi mbili! Weye unapenda kuteseka."

"Ni kazi. Nina kazi ingine?"

Bonaventure akafungua daftari jipya, akapiga mistari kwa rula, akaandika juu ya safu ya kwanza "Jina la zamani" na juu ya safu ya pili "Jina jipya". Halafu akaanza, moja moja. Anasoma maneno ya mke wake, anayanakili kwenye daftari, ndipo anayabadilisha kwenye ordinateri. Kila jina lilipobadilika pale kwenye skrini alijisikia vibaya, kama mtu anayefagia chumba ambacho mwenyewe bado yumo ndani. Lakini aliendelea. Kazi ikianzwa inamalizwa.

Jumapili baada ya misa akafika sezoni ya nne, episodi ya saba, na hapo kalamu ikasimama. Jina lilikuwa: ANSELMO AMEPATA KAZI MBALI.

Lazima niseme hapa jambo ambalo Bonaventure hakumwambia mtu isipokuwa padri, na padri alimpa rozari tatu ambazo hazikumsaidia kitu.

Seri ile ilikuwa ya Kifaransa, na Concilie hakukijua Kifaransa. Alisoma kule Mutarule mpaka darasa la nne, shamba likamwita. Kwa hiyo kila jioni Bonaventure ndiye aliyekuwa mdomo wa Graciela, na wa mama mkwe, na wa don Anselmo, mume wa Graciela, ambaye Concilie alimpenda mno. "Uyu ni mwanaume," alikuwa akisema. "Anaosha sahani." Bonaventure alitafsiri kila neno, mpaka siku ile.

Siku ile asubuhi walikwenda hospitali kuchukua majibu. Daktari alikuwa mgeni kutoka Kinshasa, Kiswahili chake kiliishia kwenye jambo na aksanti. Akaeleza kwa Kifaransa, taratibu, kwamba ini halitapona, ni suala la miezi. Concilie alikaa katikati yao na pochi mapajani, akiwatazama midomo.

"Anasema nini?"

"Anasema umeze dawa, upumzike," akajibu Bonaventure. "Anasema utapona."

Jioni wakafungua episodi ya saba. Graciela anapokea barua, anaisoma, anaanguka kwenye kiti analia. Don Anselmo amekufa kwenye ajali ya meli. Concilie akageuka: "Inasema nini, ile barua?" Na Bonaventure, aliyeandika vifo vya watu miaka thelathini na miwili bila mkono kutetemeka, akashindwa. Kifo cha pili kwa siku moja? Aka! Akasema: "Amepata kazi mbali. Atakawia."

"Sasa analilia nini?"

"Analia kwa sababu atakawia."

Na hapo, masikini, alijifunga. Graciela akivaa nguo nyeusi: "Ni mode ya kwao." Mwanaume mwingine akija kumbembeleza: "Ni kaka yake." Concilie akashika mdomo: "Kaka, na anamshika mukono hivyo?" Bonaventure alitoka jasho. Kila jioni alitunga uongo mpya juu ya ule wa jana, na kila jioni mke wake aliuliza lilelile: "Baba Josée, Anselmo atarudi lini?" Naye anajibu: "Bado kidogo."

Episodi ya mwisho ndiyo iliyomtisha. Aliichungulia peke yake siku moja, akakuta kwamba sehemu kubwa yake iko makaburini, Graciela amepiga magoti mbele ya jiwe lenye jina la Anselmo na picha yake. Picha ile ungeitafsiri vipi? Akamwambia Concilie kwamba faili limeharibika, Clovis amewaibia, na wakaanza tena seri kutoka mwanzo. Kabla hawajafika mbali, Concilie akafariki.

Basi hilo ndilo lililokuwa likimla Bonaventure. Si kwamba mke wake alikufa, kwa sababu watu wanakufa, yeye mwenyewe aliwaandika maelfu. Ni kwamba alimdanganya mpaka mwisho. Mke wake aliondoka akidhani anapona, akidhani Anselmo atarudi, hakumuaga mtu, hakusema lililokuwa moyoni, kwa sababu mume wake alimfungia mlango. Nani alimpa ruhusa? Miezi saba alijiuliza swali hilohilo, akiosha sahani, akirudi kutoka misa.

Alinakili ANSELMO AMEPATA KAZI MBALI kwenye daftari, herufi kwa herufi. Kisha akaandika kwenye ordinateri Graciela S04E07, na maneno yale yakafutika kwenye skrini.

Jumatatu mvua ilinyesha asubuhi nzima. Josée akapiga simu.

"Umefika wapi, Papa?"

"Sezoni ya sita."

"Nitume ile programu? Zile ulizobakiza umalize sasa ivi."

Kidogo akubali. Macho yalimuuma, na dosie ya sezoni ya sita hakutaka hata kuifungua, kwa sababu mle ndani liko kaburi la Anselmo. Lakini mazoea ni kitu kibaya. "Acha," akasema, "nimalize vile nilianza." Akaweka simu chini, akafungua dosie.

Episodi kumi na tisa zilikuwa na majina kama yalivyokuwa, mengi ni MUBAYA ya namna fulani. Ya ishirini, ile aliyosema imeharibika, ile ambayo hawakuitazama, ilipaswa kuwa bado na namba tupu alizoziandika Clovis. Haikuwa nazo. Iliandikwa kwa herufi kubwa:

ANSELMO ALIKUFAKA NILIJUA NA MANENO YA DOCTA NILIJUA BABA JOSEE USIJISUMBUE

Bonaventure akaisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaisoma tena. Akasoma kwa sauti, kama alivyokuwa akiwasomea watu vyeti vyao ofisini ili wathibitishe, lakini hakukuwa na wa kuthibitisha.

Akatafuta tarehe ya faili. Ilibadilishwa jina tarehe kumi na tisa, mwezi wa kwanza, saa nne ya asubuhi. Siku hiyo yeye alikuwa Luvungi kumzika mjomba wake. Concilie alibaki peke yake, umeme ukiwepo, akashusha sufuria, akaangalia episodi ya mwisho mpaka mwisho bila neno moja la Kifaransa. Kaburi halihitaji mkalimani.

Na jioni ya siku hiyohiyo! Alikumbuka vizuri. Alirudi kutoka Luvungi na vumbi la pikipiki mpaka masikioni, na hata hajavua viatu mke wake akamuuliza kutoka kitandani: "Baba Josée, Anselmo atarudi lini?" Akajibu: "Labda wiki ijayo." Concilie akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakatetemeka kwa kicheko, na yeye akafikiri, afadhali, leo ana furaha.

"Muongo!" Bonaventure akapiga kelele peke yake sebuleni. "Mama Josée, muongo mukubwa weye!" Akacheka mpaka akakohoa, halafu kile kicheko kikageuka, akalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka sitini na mitatu, bila kujificha. Angemficha nani?

Alipotulia, mengine yakaanza kumrudia moja baada ya jingine. Wiki ile baada ya Luvungi Concilie alimwita dada yake Olive kutoka Kamanyola. Olive alikaa siku mbili mlango umefungwa, akaondoka na mfuko mzima wa vitenge, na Bonaventure akalalamika kwamba amepewa vile vizuri. Simu zake na Josée zilikuwa za saa nzima, Bonaventure akasema zinamaliza unité za simu. Akamfundisha Bonaventure mwenyewe kupika sombe ya majani ya muhogo, akamgombeza kwa chumvi. Kumbe aliaga kila mtu. Alimuacha mume wake tu aendelee kutunga, kwa sababu aliona huko kutunga ndiko kulikomshikilia asianguke.

Na programu ile ya dakika mbili ingefuta yote.

Akashika kalamu. Kwenye safu ya kwanza akanakili maneno ya mke wake yote. Kwenye safu ya pili, mahali pa jina jipya, akaandika: Halibadilishwi. Akatia sahihi.

Mchana Josée akapiga tena. Bonaventure alikuwa ameshaunganisha kisanduku na televisheni. Graciela alijipanga skrini nzima, picha mia moja na kumi na tisa za rangi, na pembeni kabisa mraba mmoja wa kijivu, hauna picha, una herufi kubwa tu, ndefu mpaka zimekatwa katikati.

"Yote imetoka vizuri, Papa?"

"Moja kisanduku hakiijui."

"Umekosea jina. Nisomee, nikuonyeshe vile unasahihisha."

"Hapana, mwanangu," akasema Bonaventure. "Ile iko sawa. Nitakueleza ukikuja."

Mvua ilikuwa imekatika. Akachemsha chai, akajaza vikombe viwili, kimoja akakiweka kwenye kiti cha upande wa dirisha, mahali Concilie alipokuwa akikaa. Akabonyeza mraba wa kijivu. Graciela akatokea na maua mkononi, akapita lango la makaburi, akapiga magoti, akaanza kusema Kifaransa.

Bonaventure akasogeza kiti chake karibu na kile cha pili, akatafsiri kila neno bila kuruka hata moja.

"Anasema: Anselmo, umekufa, na minye nimebaki," akasema. "Anasema nyumba iko kubwa sana."