Mkono wa Mbiya

Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, Tshiela alipiga magoti kando ya reli ya Kamina akamlenga vunjajungu kwa simu yake. Alikuwa mwalimu wa biolojia, na picha za wadudu aliwaonyesha wanafunzi wake kila Jumatatu. Vunjajungu alitulia juu ya jani la muhogo. Kwenye picha alitulia juu ya kidole cha mtoto.

Aliikuza picha. Ukucha ulikuwa na ufa katikati, pale ulipobanwa na mlango mwaka 1992. Ulikuwa mkono wa Mbiya, mdogo wake.

"Kumbe uko huku," alisema, akapangusa kioo cha simu kwa kitenge.

Mbiya alikufa kwa kuhara mwaka 1993, akiwa na miaka sita. Familia za Wakasai, walioitwa wageni huko Katanga, zilikuwa zimefukuzwa majumbani na kulala stesheni ya Kamina wiki nyingi zikingoja treni. Treni ikaja wakiwa wanamfukia. Kwa haraka baba yao alichomeka juu ya kaburi kijiti cha kwanza alichokiona, kiwe alama, nacho kilikuwa cha muhogo. Kikaota. Watu wenye njaa wakakata vijiti vyake wakapanda kulia na kushoto, na Tshiela aliporudi Kamina mtu mzima, kufundisha, alikuta shamba zima la alama. Sasa mama yao, Marie-Thérèse, alikuwa hoi kitandani huko Mbuji-Mayi, akiomba kitu kimoja tu: konzi ya udongo wa kaburi la mwanawe, azikwe nao.

Basi Tshiela akaendelea kupiga picha. Kwenye picha ya panzi, kidole kilielekeza kushoto. Kwa kipepeo mweupe, mbele. Kwa mende mmoja mnene kilielekeza chini, kwenye baraza ya saruji ya Papa Kalombo, mstaafu wa reli.

Mzee aliitazama picha bila haraka, akamtambua mtoto.

"Njo ye. Anachezaka hapa kila asubui. Bibi yangu anamuwekeaka bukari kidogo," alisema, akimwonyesha kwa kidevu mkewe aliyekuwa akisonga ugali.

"Papa, minyi niko naomba udongo kidogo tu. Mama iko anakufa."

"Udongo iko chini ya simenti, mama. Na hii parsele, hii kiwanja, iko na makaratasi. Nikivunjia weye leo, kesho bengine batakuja. Balizikaka bengi hapa."

"Weye ulikuwa hapa ile siku?"

"Nilikuwa. Tulikuwa bengi, tulikuwa tunawapigia makelele muende." Akamsogezea kiti. "Ikala, mama. Kunywa mayi."

Tshiela aliweka maji chini. Akapiga picha moja zaidi, ya siafu watatu sakafuni. Kwenye picha walitambaa juu ya kiganja kilichokunjuliwa. Akamtumia mama yake, na jibu likaja kwa sauti, taratibu, kati ya pumzi mbili: "Muambie minyi niko nakuja."

Marie-Thérèse alifariki Alhamisi. Walimzika Mbuji-Mayi, katika udongo wa Mbuji-Mayi.

Jumamosi moja baada ya mazishi Tshiela alirudi barazani akapiga picha. Kiganja kilikuwa bado kimekunjuliwa, peke yake, bila mkono wa mama. Papa Kalombo alikuwa akideki. Alipofika mahali pale alizungusha tambara kwa uangalifu pembeni pembeni, asiloweshe vidole, akaendelea hadi mlangoni.