Kisu cha Mkono wa Kushoto

Lorna Pruitt, askari wa kaunti huko Ohio, alikuwa dukani akichagua kisu cha akiba, cha kujiokoa bastola yake ikikamatwa. Wiki iliyopita mlevi alimwangusha kando ya barabara, akaing'ang'ania bastola ya Lorna ikiwa bado kiunoni mwake. Mwenzake wa kumsaidia hakuwepo. Wakubwa wa kaunti walishaamua doria iwe ya mtu mmoja, eti fedha hakuna, na mwaka huohuo wakajitandikia mazulia mapya ofisini. Lorna hakuwasahau.

Alikibana kisu cha kukunja kwenye mfuko wa kulia. "Hiki kizuri."

"Kizuri cha kukatia soseji," alisema Dale, mwenye duka, askari mstaafu. "Hebu ibane bastola yako isitoke, binti."

Lorna akaibana kiunoni kwa mkono wa kulia. Dale akaudaka mkono ule kwa mikono yake miwili, akavuta.

"Mimi ndiye yule mlevi. Toa kisu."

Mkono wa kushoto ukapapasa tumboni, usifike mfuko wa kulia. Pumzi zikamwishia. Akazisikia tena kokoto za barabarani mgongoni.

"Niachie, mzee. Niachie."

Dale akamwachia. Akachukua kisu kifupi kisichokunjwa, akamchomekea pamoja na ala yake kwenye mkanda, mbele upande wa kushoto, shati likakifunika. Akamvamia tena. Safari hii mkono wa kushoto ulikifikia.

"Umeridhika?"

"Bado," alisema Lorna, jasho likimtiririka. Jioni ile alikuwa na zamu, peke yake. "Nikabe tena."