Kadi Iliyochelewa Kufika

Mzigo uliletwa saluni wakati kila kiti kina mtu, ndiyo maana habari zake hazikupata pa kujificha. Mleta mizigo aliingia na kofia yake ya pikipiki kichwani, akasoma jina lililoandikwa kwenye boksi, na vichwa vyote vikamgeukia. Lilikuwa jina la mume wa mwenye saluni. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina hilo. Wote walimwita Kamera, kwa kazi yake ya kupiga na kuunga video za harusi. Na Kamera walikuwa wameshamzika, hata udongo haujatulia.

"Hayupo," alisema mwenye saluni, ambaye wote walimwita Msusi. "Nipe mimi."

Alisema hayupo kama vile mtu katoka kidogo dukani na anarudi. Akatia sahihi, akaweka boksi juu ya kabati la taulo, akarudi kwenye kichwa alichokuwa anasuka.

"Hebu lifungue tuone," alisema mwenye kichwa hicho. Huyo alikuwa Mama Redio, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuishiwa betri. "Si unajua, pengine ni kitu cha kuharibika."

Hakikuwa cha kuharibika. Kilikuwa kipande kizito cheusi chenye feni mbili, kimelazwa ndani ya sponji kama kito. Karatasi yake ilisema ni kadi ya grafiki, yaani kile kifaa kinachoipa kompyuta nguvu za kuchora picha, ambacho waunga video hukitamani kama watoto wanavyotamani baiskeli. Mama Redio alikipiga picha kwa simu, akaituma kwa mpwa wake anayetengeneza kompyuta za maofisini. Jibu lilirudi kabla mstari mmoja wa nywele haujaisha.

"Anasema hii ni mpya kabisa," Mama Redio alisoma, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. "Anasema kwa kompyuta kongwe kama ile ya Kamera, haiwezekani. Ni sawa na kufunga injini ya lori kwenye baiskeli." Akaishusha simu mapajani. "Sasa sijui alikuwa anainunulia kompyuta gani. Mimi sisemi kitu."

Na Mama Redio akisema hasemi kitu, basi kitu kimeshasemwa.

Kufika jioni, mtaa ulikuwa umempa marehemu kompyuta ya pili. Kesho yake kompyuta hiyo ikapata meza. Keshokutwa meza ikapata chumba, chumba kikapata pazia, na nyuma ya pazia akapatikana mwanamke, ambaye kwa kauli ya muuza mkaa alikuwa mweupe na kwa kauli ya mshona viatu alikuwa mnene.

Msusi aliyasikia yote, kama mtu anavyosikia ugomvi wa nyumba ya tatu. Tangu mazishi mwili wake ulikuwa umeingia ganzi. Vidole vilisuka kama kawaida, mistari imenyooka, lakini ilikuwa kama amevaa glavu. Aliweza kumaliza kikombe cha chai na kuona wenzake bado wanapuliza vya kwao. Watu walikuja kumlilia, yeye akawaletea viti.

Kitu pekee kilichokuwa kinamsumbua ni mkasi. Siku chache kabla hajaugua, Kamera aliuchukua bila kuomba, akaenda kukatia kitu kigumu huko chumbani, akaurudisha butu. Msusi alimsema mbele ya wateja.

"Mkasi wa nywele ni wa nywele. Ungechukua kisu."

"Utakuja kunishukuru," Kamera alimjibu huku anacheka.

Halafu ikaja homa, ikaja hospitali, na hawakupata tena maongezi ya maana zaidi ya hayo. Kila alipotaka kukata uzi ilibidi aubane mkasi mara mbili, mara tatu.

"Si uupeleke kwa mnoaji?" wateja walimwambia.

"Nitaupeleka."

Hakuupeleka. Usiku alilala, asubuhi aliamka. Katikati ya ganzi ile kulikuwa na swali moja tu lililobaki hai. Kama kweli kuna kompyuta nyingine mahali, basi yeye hajui amemzika nani.

Aliyelichukua swali hilo na kulibeba ni wifi yake, mdogo wake Kamera, muuza mitumba, mwanamke ambaye akinunua nyanya soko zima linajua. Aliingia saluni asubuhi kabla ya wateja, khanga kiunoni.

"Wifi, mimi nimechoka. Jana kanunua mtu sketi kwangu, akaniuliza kama yule mke mdogo alikuja msibani. Beba hilo boksi lako. Mimi nabeba kompyuta. Twende kwa fundi akatuambie kama hivi vitu vinaoana. Vikioana, nakwenda kukaa mlangoni kwa Mama Redio na kiti changu mwenyewe."

"Na visipooana?"

Wifi alikaza khanga yake. "Beba boksi," alisema.

Duka la fundi lilikuwa uchochoro uliowekewa mlango, kushoto cherehani ya mshonaji, kulia mchonga funguo. Mezani kompyuta zimelala matumbo wazi. Fundi alimjua Kamera. Alikuwa akimuuzia waya.

"Pole sana shemeji," alimwambia Msusi, akafuta kiti kwa kiganja.

"Asante. Tunataka kujua kama hii inaingia kwenye hii."

"Tuangalie. Kadi na kompyuta ni kama mtu na chumba cha kupanga. Kwanza apite mlangoni. Pili apate pa kukaa. Tatu umeme wa mle umtoshe." Aliitoa kadi, akaipima kwa rula, akaguna. Kisha akaligeuza kasha la kompyuta akasoma kibandiko cha nyuma, akaguna tena, safari hii kwa huzuni. "Hizi nazijua. Nimezifungua nyingi. Ndani kuna kishikio cha diski kimekaa katikati kama mgeni asiyeaga. Kadi yenyewe ndefu. Itagonga hapo tu."

"Kwa hiyo?" Wifi aliuliza.

"Kwa hiyo hata bila kufungua nakwambia haiingii. Kamera mwenyewe angelijua hilo. Labda aliinunulia mashine nyingine."

Cherehani ya jirani ilisimama. Mshonaji naye ana masikio. Wifi akakaa chini taratibu juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Msusi alitazama kitambaa cha bluu kwa mshonaji. Alisubiri kuumia. Alisubiri kama mtu aliyejikata anavyosubiri damu, na haikuja. Alichoona ni kwamba kitambaa kile kimekatwa vibaya upindo.

"Fungua," alisema.

"Shemeji, hizi nazijua."

"Najua unazijua. Fungua tu."

Fundi alichukua bisibisi, kisha akaiweka. Ubavu wa kasha ulishikwa na skrubu moja tu, nayo ilikuwa imekazwa kwa vidole. "Huyu aliifungua karibuni," alisema, akauvuta ubavu, akamulika tochi. Hakukuwa na vumbi. Mtu alikuwa amesafisha mle ndani mpaka kwenye kona.

"Sasa nani kaweka boksi humu?" fundi alisema.

Pale ambapo kadi hukaa, juu ya tundu lake kabisa, palisimama kipande kinene cha kadibodi. Kilikuwa kimekatwa mstatili, ncha moja imepunguzwa iingie kwenye tundu. Fundi alikichomoa kwa vidole viwili. Upande mmoja kilikuwa na nusu ya uso wa mwanamke anayecheka, mwenye rasta ndefu.

Msusi aliujua uso huo. Nusu yake nyingine ilikuwa saluni, stoo, imeegemea ukuta. Lilikuwa boksi la rasta.

Upande wa pili palichorwa duara mbili kwa kalamu. "Hizi feni," fundi alisema polepole, akakilaza kile kipande juu ya kadi. Vilitoshana, urefu kwa urefu, upana kwa upana. Akamulika tena ndani. "Na kile kishikio cha diski kakitoa. Diski kaipandisha huku juu. Kaifunga na... hii nini?"

"Uzi wa kusukia," Msusi alisema.

"Kaka yangu," Wifi alisema kutoka kwenye ndoo. "Alipima. Wifi, alipima. Tangu lile kabati alikuwa anapima hata sufuria."

Lile kabati lilijulikana mtaa mzima. Kamera alilinunua kumfurahisha mkewe mwaka waliooana, bila kupima mlango wa chumbani. Likalala barazani mpaka watu wakaanza kusalimiana nalo, mwisho likapewa kazi ya taulo saluni. Ndiyo maana tokea hapo hakutoka nyumbani bila tepu mfukoni.

Fundi alikuwa ameshaingiza kadi yenyewe. Iliingia, ikakaa. Wifi akaanza kunyanyuka kwenye ndoo kwa ajili ya safari ya mlangoni kwa Mama Redio. Lakini fundi alikuwa ameinama anasoma kibandiko cha lile dude linalogawa umeme ndani ya kompyuta, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Samahani shemeji. Si vizuri kucheka."

"Nini?"

"Mlango kapita. Pa kukaa kapata. Umeme hakuuangalia. Hii inatoa wati mia tatu, kadi inataka karibu mara mbili yake. Hata plagi yake ya pini nane haimo humu. Kapima kila kitu kinachopimika kwa tepu."

Wifi akacheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Mshonaji naye alicheka. Msusi aliangalia diski iliyoning'inizwa kwa uzi wake. Fundo lilikuwa la kwake. Ndivyo alivyomfundisha Kamera kufunga, jioni moja ya mvua, hawana la kufanya.

"Kwa hiyo haifai," alisema.

"Hivi ilivyo, haifai. Naweza kukutafutia cha umeme kikubwa. Au nikutafutie mnunuzi wa kadi."

"Iache kwanza." Akaichukua kadi, akairudisha kwenye sponji yake. "Hicho kiboksi kirudishe."

"Wapi?"

"Kilipokuwa. Kilikuwa kimekaa vizuri."

Fundi alimtazama Wifi, Wifi akatazama pembeni. Basi fundi akakirudisha kile kipande cha kadibodi kwenye tundu, akakibonyeza kwa uangalifu kama kitu cha thamani, akafunga ubavu na ile skrubu moja, kwa vidole.

Saluni ilikuwa imejaa walipofika. Mama Redio alikuwa amekalia kiti cha mbele, na kichwani hakuwa na cha kusukwa.

"Vipi huko? Imeingia?"

Viti vyote vikasubiri.

"Haifai," Msusi alisema. Mama Redio akavuta pumzi, na kabla hajaitoa, Msusi akamalizia: "Umeme hautoshi. Lakini ilikuwa ya kompyuta ya hapa hapa."

"Utajuaje, mwenzangu?"

Msusi aliinua mkasi kutoka kwenye trei. "Alikata boksi la rasta akapimia. Kwa huu."

Hayo yalitosha, mengine aliyabeba Wifi, aliyekuwa ameshasimama mlangoni anasimulia kwa mikono miwili. Jioni hiyo yule mwanamke wa nyuma ya pazia alihama mtaani na pazia lake. Habari mpya ilikuwa kwamba Kamera alitengeneza kompyuta nzima ya maboksi, na ilikuwa inawaka.

Msusi alimkalisha mteja, akasuka mpaka shingoni, akafunga fundo. Akauweka uzi katikati ya mkasi, akabana. Haukukatika. Akabana tena, kwa nguvu, mpaka chuma kikamchoma kidole gumba.

"Huo mkasi," mteja alisema. "Si uupeleke kwa mnoaji?"

"Bado."

Akabana mara ya tatu, uzi ukakatika. Kidole kilikuwa kinauma. Alisimama nyuma ya kiti akakitazama, kina mstari mwekundu, na kiliendelea kuuma.